Ati Nyumba Yako Mtandaoni Ni Milioni Ngapi? Maswali Mnayoniuliza Kila Wiki Kuhusu Bei za Saiti Nairobi

Kila wiki napata skrinshoti kama tatu hivi kwa WhatsApp, mtu amejaza mtaa, idadi ya vyumba, ukubwa wa ploti, amebonyeza, saiti ya kukadiria bei ya nyumba ikamtemea namba, na sasa anataka nimwambie kama hio namba ni ya ukweli. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mimi si valua, yule mthamini wa nyumba, mniskize hapo vizuri, mimi husaidia watu kuuza na kununua nyumba upande wa Eastlands na kidogo Thika Road, na kabla nianze hio kazi nilichomwa na namba kama hizo kwa nyumba ya mamangu ya Buruburu. Hio stori iko mwisho.

Kwani hizo saiti hutoa bei wapi?

Kwa matangazo. Shida yote inaanzia hapo so wacha nikae hapo kidogo. Kompyuta inakusanya matangazo ya nyumba za kuuzwa, inaangalia mtaa, vyumba, saizi, inatafuta zile zinafanana na yako halafu inapiga hesabu. Uingereza hio hesabu inaanzia kwa pesa iliyolipwa kweli, manake ofisi yao ya kusajili ardhi, HM Land Registry, inaweka wazi bei za nyumba zilizouzwa England na Wales tangu 1995, ukitaka kujua jirani alilipa ngapi unaangalia tu, hakuna kumnunulia chai. Hapa kwetu hio kitu haiko. Ukifanya sachi kwa Ardhisasa, ule mfumo ulizinduliwa Aprili 2021 ukaanzia Nairobi, utaona mwenye ardhi ni nani, ukubwa, kama ni frihodi (ya kudumu) ama lisi (ya miaka fulani), kama kuna benki imeishikilia, lakini alinunua ngapi hutaona. Hio iko kwa mkataba, na mkataba uko kwa kabati ya wakili.

So kompyuta inabaki na bei ya kuulizia. Na bei ya kuulizia Nairobi ni salamu tu, mwenye nyumba anaandika 18 akijua akiskia 15 atakubali, na broka naye ameongeza yake juu.

Kuna ingine mbaya zaidi. Mwaka jana nilikuwa natafutia mteja mesoneti Donholm nikafungua matangazo sita, nikaanza kuyapanga kwa daftari, ndio nikashtuka, picha zote ziko na kochi lile lile la rangi ya maruni na kalenda ya hadiwea imening'inia upande ukutani, imekwama mwezi wa tatu. Nyumba moja, maajenti sita, bei kuanzia milioni 11.5 hadi 14.9. Mimi nilisaidiwa na kalenda. Kompyuta iliona nyumba sita ikafurahi ikapiga avareji.

Lakini Marekani Zestimate, ile bei ya kompyuta ya saiti ya Zillow, inafanya kazi poa, si hata hapa itafanya?

Inafanya kazi kuliko za kwetu, ndio, lakini hebu tuiangalie vizuri kabla tuipigie makofi. Zillow walianza kuonyesha Zestimate 2006 na uzuri wao ni kwamba wanatangaza wenyewe wanakosea kwa kiasi gani: kwa nyumba ambayo iko sokoni kosa la katikati ni karibu asilimia 2, kwa nyumba ambayo haiko sokoni ni karibu 7. Watu wanasoma hio 7 wanafikiri ndio mwisho wa kosa. Hapana, hio ni ya katikati, yaani nusu ya nyumba zimekosewa zaidi ya hapo. Ukiwa na nyumba ya milioni 14, asilimia 7 ni karibu milioni moja, na uko na nafasi sawa ya kuwa yule amekosewa zaidi.

Halafu jiulize mbona nyumba ikiwekwa sokoni kompyuta inakuwa na akili ghafla. Ni kwa sababu imeona bei yenye ajenti ameandika. Ni kama ule mwanafunzi anapata majibu sawa akikaa karibu na mtu fulani.

Spencer Rascoff, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Zillow yenyewe, aliuza nyumba yake Seattle mwaka wa 2016 kwa dola milioni 1.05, na kesho yake Zestimate ya hio nyumba bado ilikuwa inasema milioni 1.75. Bosi mwenyewe. Na 2018 kampuni ilianza kununua nyumba kwa pesa yake ikitegemea hesabu za kompyuta kujua bei itaenda wapi, Novemba 2021 wakatangaza wanafunga hio biashara, robo moja ya wafanyakazi wakaenda nyumbani na zaidi ya dola milioni 300 za thamani ya nyumba zikafutwa kwa vitabu kwa robo mwaka moja tu. Hao ni watu wako na data ambayo sisi hapa tunaiskia tu.

Niko Dallas, nataka kuuza apatimenti yangu Kileleshwa, naweza tegemea saiti juu siwezi kuja?

Hata hapo Texas ulipo bei ya kuuzia nyumba si rekodi ya umma, tofauti ni kwamba maajenti wa huko wako na mfumo mmoja wanaingiza kila mauzo na wanaonana. Wa hapa kila mtu na simu yake na siri zake. Tafuta valua aliyesajiliwa aende alipe parking hapo Kileleshwa aingie ndani ya nyumba, akutumie ripoti na picha. Na usiache binamu yako ndio achague valua, hasa kama binamu pia ndio ana mnunuzi. Sisemi kitu kuhusu binamu yako, nasema tu.

Kwa Nairobi namba inaweza kosea kwa kiasi gani?

Uliza saiti yenyewe swali moja: mnachapisha kosa lenu? Kama hawachapishi, hio namba haina kipimo cha kosa, juu wala chini, ni kama mtu akuambie atafika saa nne bila kukuambia anatoka wapi.

Kwa macho yangu nimeona ikipita juu kwa robo nzima na nimeona ikienda chini ya bei kwa theluthi. Inakaribia ukweli kwa yale maapatimenti yamejengwa mengi sawa sawa, vyumba viwili vya kulala, gorofa moja na ingine zinafanana, zinauzwa kila mwezi, hapo hata mimi bila kompyuta nitakuambia. Inapotea kabisa kwa nyumba ambayo iko peke yake. Chukua bangalo ya zamani Kilimani kwa nusu eka, ile ya paa la vigae na mti wa parachichi nyuma. Saiti inaona nyumba ya vyumba vinne, kuukuu, inaipea bei ya nyumba kuukuu. Mnunuzi haoni nyumba hata kidogo, anaona magorofa yenye kaunti itamruhusu kuweka hapo, na siku akilipa wiki hio hio tingatinga iko kwa geti. Mzee mmoja alitaka kuuza ya kwake kwa bei ya saiti, nikamwambia mzee wangu, hapo umeuza ukuta ukasahau udongo.

Kinyume chake, ploti za zile kampuni za zamani za kununua ardhi upande wa Embakasi na Ruai, mahali mtu ako na cheti cha shea na risiti lakini taito haijatoka. Saiti inazichanganya na zile ziko na taito, wakati kwa soko hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa, kama gari iko na logibuku na gari haina.

Ni vitu gani haswa kompyuta haioni?

Nikianza hapa hatutalala, wacha nitaje zile zimewahi nigharimu mimi ama mteja.

Maji. Nyumba mbili zimetenganishwa na ukuta, moja iko na tangi la chini la lita elfu kumi na pampu, ingine inangoja mgao wa kaunti na mitungi ya njano imepangwa jikoni. Mnunuzi wa Nairobi akiingia kwa nyumba anafungua mfereji kabla aangalie sebule. Kwa maapatimenti ni kisima, na si kuwa na kisima tu, ni kama maji yake yana chumvi ya kuharibu hita.

Makaratasi. Taito iko kwa jina la babu aliyefariki na watoto saba hawaongei, hio nyumba hata kama ni ya dhahabu bei yake ni ya mtu mwenye subira ya kungoja mirathi kortini. Mke ama mume hajakubali kuuza, wakili wa mnunuzi atasimamisha kila kitu. Apatimenti iko kwa lisi ndogo ya zamani na haijageuzwa kuwa taito ya yuniti chini ya ile sheria ya 2020 ya Sectional Properties, benki zingine zinaanza kuuliza maswali mengi.

Miaka iliyobaki kwa lisi. Hii watu wanaisahau sana. Ardhi nyingi ya Nairobi ni lisi ya miaka 99, na kama ilianza 1950 inaisha 2049, haijalishi umepaka rangi mpya. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa wewe raia mwenye lisi nafasi ya kwanza ya kupewa tena, lakini benki inayotaka kukopesha mtu kwa miaka 20 itahesabu hio miaka kwa vidole, na mnunuzi anayetegemea benki akitoka umebaki na wale wa kashi, na wa kashi huwa wanajua umebaki na wao tu.

Mafuriko. Mvua ya 2024, Aprili na Mei, iliwafundisha watu wengi mto wao unaitwa nani. Serikali ikaamuru watu wakae mita 30 kutoka kwa mito na bomoa bomoa ikafuata. Kwa ramani ya saiti nyumba iko mita 25 kutoka mtoni inaitwa tulivu na yenye mandhari.

Jirani. Hapo nyuma kulikuwa na bangalo, saa hii kuna gorofa 14 zinaangalia ndani ya bafu yako. Ama kulikuwa na uwanja, saa hii kuna kanisa la hema na spika nne. Ama baa. Picha za saiti zote zimepigwa Jumanne saa tano asubuhi, hakuna tangazo limewahi pigwa picha Ijumaa usiku.

Na zile nyongeza za Buruburu! Mtaa ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 70, nyumba zikiwa sawa kama mayai, leo hakuna mbili zinafanana, huyu ametoa chumba nje, huyu amejenga bedsita tatu nyuma zinaleta kodi kila mwezi, na wengi hawana idhini ya kaunti kwa hio kazi. Hizo bedsita zinaongeza thamani mpaka siku mtu wa kaunti amekuja na rangi nyekundu ya kuchora alama ya kubomoa.

Tangazo linasema sehemu ya nane ya eka, kuna shida gani hapo?

Karibu yote si sehemu ya nane. Eka moja ni futi mraba 43,560, ukigawa kwa nane unapata 5,445. Ile ploti tunaita sehemu ya nane ni 50 kwa 100, yaani 5,000. Futi 445 zimepotea na hakuna mtu ameziiba, ni mazoea tu. Mahali eka ni milioni 100, hizo futi ni kama milioni moja hivi. Na kompyuta inachukua neno la tangazo inazidisha na bei ya eka. Halafu kuna wale wa 40 kwa 80, ambao ni 3,200 tu, na wao pia nimeona wameandika sehemu ya nane bila aibu. Tafuta bikoni, zile alama za mpaka, chukua sevea, pima.

Kwa apatimenti ni mchezo huo huo, kuna anayehesabu ndani ya kuta, na kuna anayehesabu balkoni, ngazi na parking humo humo.

Mbona nyumba ya Karen saiti inasema milioni 22?

Kwa sababu iko Ngong. Nairobi hii mitaa ya pesa huwa inatambaa. Karen inafika Matasia, Runda inafika Ruaka ambayo ni Kiambu, Lavington inashuka mpaka unaskia harufu ya nyama choma ya Kawangware, na Syokimau watu wanaandika Nairobi na ni Machakos. Kompyuta inameza hayo majina yote, so kama yako iko Karen ya kweli namba yako inavutwa chini, na kama iko Ngong inavutwa juu ukifurahi bure.

Na zile ripoti za HassConsult na za mabenki, hizo si za kuaminika?

Hizo ni kitu tofauti na ni nzuri kwa kazi yake. HassConsult hutoa ripoti kila robo mwaka kuonyesha bei za mitaa na miji ya pembeni zinaenda aje, chama cha mabenki, KBA, nao wako na faharasa yao ya bei za nyumba. Ukitaka kujua kama soko linapanda ama limelala, soma hizo. Lakini ya KBA inatokana na nyumba zenye mabenki yamekopesha, na mikopo ya nyumba Kenya nzima ilikuwa takriban elfu 30 tu mwisho wa 2023. Nchi nzima! Nairobi peke yake sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3. Wanaonunua kwa chama, kwa sako, kwa kuuza ng'ombe na shamba la nyumbani, kwa kujenga mawe kwa mawe miaka kumi na mbili, hao hawako kwa hio hesabu.

Benki imetuma valua akaleta bei ya chini kuliko saiti, ananionea?

Pengine hata hajakuonea, soma ripoti yote. Huwa kuna namba zaidi ya moja ndani na watu wanashika ile mbaya. Kuna thamani ya soko, hapo ni muuzaji hana haraka na mnunuzi hana haraka. Kuna thamani ya kuuza kwa kulazimishwa, ile benki inajua itapata kama umeshindwa kulipa na nyumba inaenda kwa mnada, hio lazima iwe chini. Na kuna gharama ya kujenga upya, ya bima.

Hio thamani ya mnada usiidharau. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinataka benki ifanyiwe hio valuesheni kabla iuze, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 ama zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa benki imekosa wajibu wake mpaka ijitetee. Ukienda kortini kusimamisha mnada peleka ripoti ya valua aliyesajiliwa na Valuers Registration Board. Skrinshoti ya saiti jaji hata hataishika.

KRA, wale watu wa kodi, na serikali hutumia bei gani?

Si ya saiti, hilo tulia. Stempu diuti, ile ada ya serikali ya kuhamisha umiliki, ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, analipa mnunuzi, na inakokotolewa kwa thamani ya mthamini wa serikali, so mkiandika milioni 6 kwa nyumba ya 14 ili kuhepa, mthamini atakuja aone nyumba ya 14 na diuti itakuwa elfu 560 vile ilikuwa iwe.

Wewe muuzaji, yako ni kodi ya faida ya mauzo, ilikuwa asilimia 5 tangu 2015 ikapanda kuwa 15 kuanzia Januari 2023. Ni asilimia 15 ya faida, si ya bei, kwa hivyo risiti za kununulia na za kuongeza vyumba usiwahi tupa, hata ile ya fundi iliyoandikwa kwa karatasi ya daftari afadhali uweke. Ukiwa umeishi kwa hio nyumba miaka mitatu mfululizo kabla tu ya kuihamisha, unasamehewa. Sasa soma hapo tena: kabla tu ya kuihamisha. Mtu anahama, anafunga nyumba, anangoja mnunuzi wa bei ya saiti mwaka mzima, na hajui ameanza kujitafutia mjadala na KRA. Ongea na wakili kabla uhame.

Sawa, sasa bei ya karibu na ukweli nitapata aje?

Mimi huanza kwa miguu. Nenda kwa koti yako, yaani lile kundi lenu la nyumba, kwa barabara yako, uliza nani ameuza mwaka huu ama mwaka jana, na uliza alipokea ngapi, si aliitisha ngapi. Watu watakudanganya kidogo, muuzaji ataongeza, mnunuzi atapunguza, uliza wote wawili na ukweli uko kati yao. Soja wa geti anajua zaidi ya unavyofikiria juu yeye ndiye alifungulia lori la kuhama na akapewa kitu kidogo.

Halafu piga hesabu ya kodi ya mpangaji. Nyumba inapangishwa elfu 50, kwa mwaka ni laki sita. Ukimpea mnunuzi wa kuwekeza hio nyumba kwa milioni 12, kodi yake ni asilimia 5 ya pesa yake kabla ya ukarabati, kabla ya miezi haina mpangaji na kabla ya ile asilimia 7.5 ya KRA kwa kodi ya nyumba. Ukimwitisha 20 ni asilimia 3, na yeye ameona bondi za serikali zinalipa kuliko hapo bila mpangaji kumpigia saa sita usiku ati choo kimeziba. Haimaanishi nyumba yako ni 12, anayenunua ili aishi atalipa zaidi, lakini sasa unajua sakafu iko wapi karibu.

Saiti ifungue, mimi pia hufungua. Toa matangazo yanayojirudia, angalia kalenda ukutani, angalia tangazo limekaa tangu lini. Nyumba imekuwa sokoni miezi tisa kwa milioni 17 inakuambia kitu kimoja tu, kwamba si 17.

Halafu valua. Ada yake inategemea thamani ya nyumba, inauma kidogo, lakini kama kuna mirathi, talaka, mkopo ama ndugu wanakuangalia vibaya, hakuna njia ingine.

Nikiuliza akili mnemba badala ya saiti?

Imesoma matangazo yale yale, ila inaongea vizuri zaidi.

Saiti ilisema 16 mwezi jana na sasa ni 14, niuze haraka?

Nyumba haijasonga hata inchi. Labda matangazo mawili ya bei kubwa yalitolewa hapo mtaani kwenu, ama walibadilisha fomula. Kunywa chai.

Na nyumba ya mama ikaishaje?

Mama alikuwa anarudi Murang'a, amestaafu, amechoka na kelele za matatu. Mimi kama kifunguamimba na mtu wa kompyuta nikajaza ile saiti, ikasema milioni 18.2. Dada yangu akasema si tuite valua, nikamwambia wewe, ya nini kulipa mtu na hii ni ya bure. Tukaweka 18. Tangazo likakaa, watu wakaja wawili watatu wakafungua mfereji wakaenda. Miezi kumi na moja nyumba imefungwa, kodi ya elfu 55 tuliyokosa kila mwezi ni laki sita na elfu tano, soja elfu 15 kwa mwezi ni laki na elfu sitini na tano, jumla laki saba na elfu sabini, hapo sijataja lile fensi la nyuma lililong'olewa usiku. Dada aliita valua bila kuniambia. Alitumia kama saa moja na nusu, akapanda hata kwa dari, akauliza maji, akaomba kuona lisi, akasema 14.

Tuliuzia mtoto wa jirani wa koti ya pili, kijana amelelewa hapo hapo na alikuwa akipita kwa hio nyumba kila asubuhi akienda steji, milioni 13.6. Tulipokutana kwa wakili alimsalimia mama kwa heshima, akakaa, akakubali chai, na kabla aguse kalamu akauliza, "Mama, siku hizi maji ya upande wenu huja lini?"

"Jumanne na Ijumaa," mama akamwambia. "Lakini Ijumaa uamke saa kumi."